Lango Asilopita Alvaro

"Sipiti pale, Leda. Hata ukinifunga kamba unikokote, sipiti."

"Nani akukokote, gunia kama wewe? Mtu amepotea, Alvaro! Mgeni wako! Jua linazama, na wewe umekaa hapa unamenya vitunguu saumu!"

"Hajapotea. Amekaidi. Kupotea ni kitu kingine."

Hapo mwanangu Leda akalibwaga sufuria la maharage mezani, nami nikasogeza kiti changu dirishani nisirukiwe na mchuzi. Chumba cha pili wageni wengine walikuwa wameinamia supu yao, wawili watatu wameshalala na vijiko mkononi. Hao ni watu wa baiskeli. Alvaro, mkwe wangu, huwazungusha vilimani wiki nzima, leo mji huu wenye kuta, kesho ule, na wakifika kwetu Castelvento hulala katika vyumba vya Leda. Ndiyo kazi yao mume na mke, hawana nyingine.

Aliyekosekana mezani alikuwa Zbinden, daktari wa meno kutoka Uswisi. Mchana ule walifika penye njia panda chini ya mji. Kushoto barabara nyeupe ya changarawe inapanda mpaka kwetu juu. Kulia barabara ya lami inafuata mto, tambarare kama meza, alizeti huku na huku, halafu inaingia mjini kwa lango la chini. Alvaro akakata kushoto, kama kawaida. Daktari akashuka, akaketi katikati ya njia.

"Kwa nini tunapanda?" akauliza.

"Lango la chini limefungwa. Linatengenezwa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Wakati ule ule gari la mkate likatokea upande wa lango, dereva anapiga mluzi, akampungia Alvaro mkono. Daktari akalitazama gari, akamtazama Alvaro, akapanda baiskeli yake, akaenda kulia. Mkwe wangu akabaki njia panda anapiga kelele kama aliyeibiwa, na asiweze kumfuata hata hatua moja.

Mtu akisikia hivyo atadhani Alvaro ana wazimu. Hana. Ana kiapo, na heri angekuwa na wazimu, maana huo una dawa.

Mji wetu una mitaa miwili: Kunguru juu, Vyura chini. Mimi nimezaliwa Vyura, ukuta wa nyumba yetu umeegemea lango lenyewe. Kila Agosti tunashindana mbio za punda, na wiki zile mbili kabla ya mbio Kunguru hakanyagi kwa Vyura wala Chura hapandi kwa Kunguru. Hata mke na mume wa mitaa miwili hutengana, kila mmoja anarudi kwao. Ni Leda tu, na mimi ninayemsaidia jikoni, tuliosamehewa kwa ajili ya wageni. Mbio zikiisha tunatukanana siku moja zaidi kwa raha, kisha tunakula pamoja. Ndivyo watu wenye akili wanavyochukiana.

Alvaro alikuwa kijana mwenye miguu kama nguzo za kanisa, na mwaka mmoja, kabla ya kuoa, alipanda punda wa Kunguru, jina lake Radi. Radi aliwaacha wenzake nyuma kiasi kwamba watu wa mwanzoni walidhani mbio zimeahirishwa. Alipofika kwenye lango letu, akasimama. Akapiga miayo. Akalala. Si kuanguka, alilala, tena akakoroma hadi kengele ya kanisa ikaanza kujibu. Vyura wakatoka na blanketi wakamfunika. Wakaleta na mto wa kichwani. Bibi mmoja akamfunika na Alvaro pia, akamwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto.

Basi kijana akajitoa chini ya blanketi, mbele ya mji mzima na padri, akaapa kwa maziwa ya mama yake kwamba hatapita lango lile wala kukanyaga mtaa ulio nyuma yake mpaka Kunguru washinde.

Kunguru hawajashinda mpaka leo. Punda wao sasa wanazaliwa wamechoka.

Alikuwa fundi baiskeli, anajua kila kijinjia cha kuzunguka. Alipompenda Leda, binti yangu, Chura halisi wa kuzaliwa langoni, hakushuka kuja kuposa. Alituma baba yake. Harusi ilifanyika kanisa la juu, nami nikapanda zile ngazi na viatu vipya, visigino vikabaki njiani. Alipokufa mume wangu, watu wote walikuja nyumbani kumuaga. Alvaro alisimama nje ya lango tangu asubuhi, mvua inamnyeshea, kofia mkononi, akingoja jeneza litoke. Lilipotoka alitia bega mbele kabisa, akalibeba mpaka makaburini bila kupokelewa. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, mikono ikashindwa kuamua.

Na ile njia yake ya kupandia! Kuku wa huko wana mguu mmoja mfupi ili wasianguke. Yai likitagwa juu linakuja kuokotwa chini, ndiyo maana Vyura hatujawahi kufuga kuku na hatujawahi kukosa mayai. Kuna mgeni wa Norwe alianza kupanda na ndevu nyeusi, akafika kwetu zimekuwa nyeupe, mkewe akakataa kulala naye, akasema huyu ni baba mkwe. Wageni wanapenda vilima, ndiyo, lakini wanapenda na kufika. Malalamiko yamemfikia Bi Ilaria, mwenye kampuni, na wiki iliyopita alipiga simu: mgeni mmoja zaidi akilalamika, kazi atapewa mwingine, na wageni watalala kwingine.

Kwa hiyo jioni ile Leda hakuwa anagombania daktari. Alikuwa anagombania vitanda vyake.

Begi la daktari lilikuwa pale jikoni, limeletwa na gari la mizigo, na simu yake ilikuwa ndani ya begi. Ikaanza kulia, sauti ya kengele ya ng'ombe.

"Mke wake tena," Leda akasema. "Ni mara ya ngapi? Mjibu, Alvaro!"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mume wake yuko mahali ambapo wewe, kwa sababu ya punda aliyekwisha kuwa soseji, huwezi kwenda!"

"Usimtukane Radi."

Niliona hawa hawatafika popote, nikaichukua simu. "Yuko bafuni, mama," nikasema kwa lugha yetu. "Anaimba." Yule mama akasema maneno marefu ya Kiswisi. "Ndiyo," nikamjibu, "hata sisi." Nikakata.

"Mama!" Leda akapiga kelele.

"Ulitaka nimwambie ameliwa na vyura?"

Alvaro akacheka. Hakupaswa kucheka. Leda akavua aproni akaitupa chini.

"Unacheka. Miaka yote hii naeleza watu kwamba mume wangu si kichaa. Kila Krismasi nashuka kwetu peke yangu kama mjane. Baba yangu alikuulizia siku anakata roho, 'Kunguru wangu yuko wapi?' Nikasema yuko nje, baba, anafunga baiskeli. Nimekuficha, Alvaro. Nimedanganya Wadachi, Wakanada, nimemdanganya na Bi Ilaria, eti lango linatengenezwa. Sasa mtu yuko gizani, hajui njia, na wewe unanihesabia tofauti ya kupotea na kukaidi. Kaa. Nitakwenda mimi."

"Huendi. Baiskeli yako haina taa."

"Nimezaliwa pale, kunguru wee! Nalijua kila jiwe."

"Leda."

"Niache!"

Alvaro aliweka kisu chini. Akavuta viatu vyake vya baiskeli kutoka chini ya benchi, vile vyenye chuma kwenye soli. Akavaa kimoja. Akaifunga kamba kombo, akaifungua, akaifunga tena kombo, na Leda, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi akapiga magoti akamkazia, bila kumtazama usoni, kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Unaniumiza."

"Vizuri."

Akanigeukia mimi. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya mvua.

"Mama," akasema polepole, "nikifika langoni, nishuke nitembee, au nipite nimepanda?"

Mkwe wangu alikuwa hajaniuliza jambo lolote tangu aoe. Nikafungua mdomo, na safari hii nilikuwa na neno la kweli kabisa la kumwambia.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Zbinden akaingia, mwekundu kama nyanya, kitambaa cha kijani cha Vyura shingoni, ananuka divai. Nyuma yake, baiskeli begani, akihema kama pampu mbovu, alisimama Duilio, kapteni wa Vyura mwenyewe, juu kwetu, na mbio zikiwa Jumapili.

"Jioni njema," Duilio akasema, na mguu wake mmoja bado uko nje.

"Alvaro," daktari akasema kwa furaha, "lango liko wazi! Huyu bwana anasema halijafungwa tangu azaliwe!"

Alvaro alikuwa amesimama katikati ya jiko, kiatu kimoja mguuni, kiapo chake bado kizima.