Mama Hodi na Milango Iliyokatwa

Mimi ni fundi viatu, kazi yangu ni kukaa. Ndiyo maana jirani yangu ananichosha. Kibanda changu kinatazamana na vyoo vya kulipia vya soko, na mwanamke anayevisimamia hajui kukaa. Anafagia, anamwaga maji, kisha anapita mlango hadi mlango akigonga: "Hodi!" Sasa mtu aliyechuchumaa chooni ajibu nini? Karibu? Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwishowe watu wakazoea kujibu "Nipo!", naye akabatizwa Mama Hodi.

Milango yenyewe aliikata chini kwa msumeno, usawa wa magoti, ili aone miguu. Makomeo ya ndani aliyang'oa. Watu walilalamika. Na mimi nililalamika, maana soksi zangu zina matundu, na fundi viatu wa kuchekwa miguu atapata mteja gani? Lakini sababu tuliijua. Wapo wanaoingia mle kujidunga unga, na anayejidunga peke yake anaweza kuzimika asijue mtu.

Hilo alifundishwa na msiba. Mdogo wake wa mwisho alikuwa mtumiaji. Ndugu wakakata shauri kumfungia chumbani mpaka aache. Chakula kilipita dirishani. Alitapika, akalia, akatulia, akaanza kunenepa, na nyumba nzima ikashangilia. Siku alipofunguliwa alitoka kidogo, akarudi, akajifungia mwenyewe. Alitumia kipimo chake kilekile cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Dada yake, huyu huyu Mama Hodi, akapita mlangoni akasikia anakoroma, koromo zito la majimaji. Akawaambia watoto, "Msipige kelele, mjomba leo kapata usingizi." Akaenda kuanika nguo. Aliporudi, chumba kilikuwa kimya.

Tangu hapo hawezi kuvumilia mlango uliofungwa wala mtu anayekoroma. Mumewe, fundi umeme, mpole kupita kiasi, huamshwa kila akianza. Husema hajalala usingizi mzima tangu amzike shemeji yake, na hacheki anapolisema.

Mwaka huu soko likapata mwenyekiti mpya, muuza vitambaa, mtu wa kupenda kila kitu kinyooke. Akasema vyoo vimegeuka maskani ya mateja. Choo cha mwisho akakiwekea mlango mzima wa bati, wenye komeo la ndani, uwe mfano, mingine ingefuata. Akaajiri na mlinzi wa kuwafukuza, na wakikaidi aite polisi. Mama Hodi akaomba kikao. Nilimsindikiza, kwa sababu vita havipiganwi na mmoja, na kwa sababu sikuwa na wateja.

Ofisi ya kamati ni chumba chenye meza moja na viti vya plastiki, nyuma tu ya vyoo.

"Mama, kaa," mwenyekiti alisema.

"Nikisimama nasikia vizuri."

"Kaa, tuongee kwa utaratibu."

Akakaa ukingoni mwa kiti, goti likimchezacheza. "Mwenyekiti, sikuombi uwapende. Naomba milango yangu ibaki, na huyo mlinzi afundishwe dawa hii." Akatoa kichupa cha kupuliza puani alichopewa na muuguzi wa kliniki. "Mtu akizidisha unga, pumzi hukata. Hii huirudisha. Na polisi msiwaite. Wenzake wakiogopa pingu watakimbia, wamwache afe."

"Unawadekeza, mama. Samaki mkunje angali mbichi."

"Wetu tulimkunja. Tulimkunja kwa kufuli, mwenyekiti. Tukamzika."

Hapo ndipo mlinzi alipoingia, meno yote nje.

"Bosi, mlango mpya umeanza kazi! Kuna mmoja kajifungia. Nimegonga weee, hataki kutoka. Anakoroma humo utadhani yuko kwao, nikamwacha."

Kiti cha Mama Hodi kilianguka kabla mlinzi hajamaliza.

Tulimkuta anaupiga mlango kwa viganja. "Hodi! Hodi, mwanangu!" Kutoka ndani lilijibu koromo, kisha likakatika. Chini ya lile bati hapakupenya hata kidole. Nilikimbilia nyundo na tindo, nikaanza kupiga bawaba, nikajipiga mkono, nikapiga tena. Nilitaka kulia kwa hasira. Mwenyekiti akaushika mlango wake mwenyewe akauvuta, bati likamchana kiganja, asiachie.

Mlango ukang'oka. Aliyekuwa ndani ni mpagazi wa magunia, tunamfahamu sote. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mama Hodi akampulizia dawa puani, akamwinua kidevu, akampa pumzi zake mdomoni, moja baada ya nyingine. Mlinzi alitoa simu akamtazama mwenyekiti.

"Nimpigie nani, bosi?"

Mwenyekiti alikuwa amefumbata mkono wenye damu. "Muuguzi," alisema. "Mpigie muuguzi."

Mpagazi akakohoa, akafumbua macho, akatutukana sote kwa kumharibia starehe, na mama zetu hakuwasahau. Mlinzi akafura.

"Mwache atukane," Mama Hodi alisema, machozi yakimtoka. "Anayetukana anapumua." Akamlaza ubavu, akamkalia pembeni mpaka muuguzi alipofika, maana dawa ile huisha nguvu na mtu akazama tena.

Mlango wa bati haukurudishwa. Mlinzi sasa ana kichupa mfukoni na amejifunza kukitumia. Mwenyekiti anasema ni kwa muda tu, mpaka kamati ikae tena, na Mama Hodi hulala na neno hilo rohoni. Raundi zake hazijapungua hata moja.

Jumapili mchana niliwapelekea viatu vya mumewe. Mzee alikuwa amesinzia kitini, mke anaosha vyombo jikoni, tunapiga soga kupitia mlango usio na mlango, maana kwao yote waliing'oa. Mzee akaanza kukoroma. Vyombo vikanyamaza.

"Hodi!"

"Nipo," alijibu bila kufumbua macho. "Nipo, mke wangu. Osha vyombo."