Ngome Iliyoangushwa na Hodi

Mjukuu wangu alikuwa anakula ugali kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika picha ya magofu. Ilikuwa kazi ya shule: ngome ya kale ya kusini mwa Uingereza, iliyobaki vipande vya ukuta juu ya kilima kama meno ya bibi kizee. Alinieleza habari zake kwa Kiingereza kuanzia tonge la kwanza hadi la mwisho. Mimi nauliza kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, ndiyo desturi ya nyumba zetu hapa Toronto. Damu ilinichemka, lakini nilisikiliza. Nilifundisha historia sekondari kule Morogoro mpaka nikastaafu, na habari tamu siwezi kuiacha ipite.

Na ilikuwa tamu kweli. Wafalme wa zamani waliijenga kwa mawe, wakaishi humo, wakafungia humo watu wasiowapenda. Miaka mingi baadaye Waingereza walipigana wenyewe kwa wenyewe, mfalme upande huu, bunge upande ule. Bwana mwenye ngome hakuwepo, akabaki mkewe. Maadui wakaizingira. Yule mama, binti zake na watumishi wake wakapanda ukutani wakawamwagia mawe na makaa ya moto, na wanaume wazima wakatimua mbio. Waliporudi tena, lango lilifunguliwa kwa hila: ofisa mmoja wa ndani aliwaingiza askari wa adui, akidai ni wenzao waliokuja kuongeza nguvu. Bunge likaamuru ngome ilipuliwe kwa baruti, na wanakijiji wakajibebea mawe wakajengea nyumba zao. Inasemekana adui alimheshimu mno yule mama hata akamwacha aondoke na funguo za ngome yake.

"Bibi, are you crying?" mjukuu aliniuliza.

Nilimwambia ni pilipili. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa na ngome yangu, na ilikuwa inakaribia kuanguka.

Kila Jumamosi nilikuwa nafundisha watoto Kiswahili katika chumba cha chini cha kanisa letu, mtaa wa Regent Park. Wazazi wao walitoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo. Niliwafundisha kinu, mchi, ungo na mtungi, vitu ambavyo hawajawahi kuviona, nao walinitazama kama wanaosubiri basi lililochelewa. Wanaelewa kila kitu, hawatoi neno. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa bingwa wa kunyamaza.

Mzee wa kanisa, Mkenya mpole anayesimamia vyumba, alikuwa ameshaniita pembeni. "Mwalimu, usiskie vibaya," aliniambia. "Hii room watu wengi wanaitaka, na watoto wenyewe hawaongei. Wazazi waje Jumamosi ya mwisho wa mwezi waone. Kama bado ni kimya, tutaomba funguo."

Sikulala vizuri siku zile. Kudai chumba kwa ajili ya lugha ambayo hakuna mtoto anayeitamka kulinitia aibu. Lakini nilipomwona mjukuu anamaliza ugali macho yanawaka kwa ajili ya mama wa Kiingereza na makaa yake, nilisema moyoni: kinu nakupa likizo.

Jumamosi iliyofuata tulikusanya maboksi. Majengo yetu hayaishiwi watu wanaohama, kwa hiyo tulipata ya televisheni, ya nepi, hata moja la friji, likawa lango. Tulipandisha ukuta hadi karibu na dari. Makaa ya moto yalikuwa soksi nyekundu zilizokunjwa. Sheria ilikuwa moja tu: atakayesema Kiingereza anatoka nje ya ngome, anakwenda kukaa na makoti. Mwanzoni makoti yalipata wageni wengi. Baadaye wakaanza kunong'ona: lete soksi, shika hapa, sogea.

Mjukuu nilimpa nafasi ya mama wa ngome. Alikuwa na maneno machache ya kusema mbele ya wazazi: "Ondokeni! Hii ni nyumba yangu. Sifungui!" Jemadari wa maadui alikuwa mama mmoja Mkongomani, mzazi mwenye kifua kipana na utani usiokwisha. Nilimpanga aje, atishe, amwagiwe soksi, akimbie. Nilikata ule mwisho wa usaliti. Nilitaka ushindi.

Siku ikafika. Theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi, lakini wazazi walikuja, wengine kwa treni toka mji jirani wa Mississauga. Mzee wa kanisa alikaa mbele. Funguo niliziweka mezani karibu naye, maana sikutaka nije niombwe mbele za watu. Jemadari akaenda mpaka langoni. Badala ya kutisha, akajikunyata, akagonga lile boksi la friji.

"Hodi! Hodi! Batoto bangu, baridi inaniua huku!"

Na mjukuu wangu, ambaye nyumbani kwetu hajawahi kuruhusiwa kumwacha mtu mlangoni, akaitikia kwa sauti nzima: "Karibu, mama! Karibu ndani!" Akasukuma boksi pembeni.

Jemadari akaingia na jeshi lake lote. "Asante, sheri, mpenzi wangu," akasema, akamkumbatia.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kazi yote ile, ngome imekwenda kwa hodi moja! Nilisimama nikamkaripie yule mama, ndipo niliposikia kelele za ndani ya maboksi.

"Umetuuza!"

"Kwa nini umefungua? Huyo ni adui!"

"Funga! Funga! Warushie!"

"Msaliti wewe!"

Walikuwa wanagombana, wote kwa pamoja, tena kwa Kiswahili, soksi zinaruka kila upande. Mjukuu wangu alipanda juu ya kiti, uso umemwiva, akawajibu: "Amepiga hodi! Mtu akipiga hodi, unasema karibu! Bibi amesema! Mlitaka afe na baridi?"

Nililia, na safari hii sikusingizia pilipili. Yule bingwa wa kunyamaza alikuwa anatetea heshima ya nyumba yetu mbele ya umati, na hakuna aliyemtafutia neno hata moja.

Ukuta ulianguka wote. Mzee wa kanisa alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, soksi nyekundu imekaa begani kwake. Akanyoosha mkono mezani, na mkono mwingine mdogo ukamtangulia. Mjukuu alizichukua zile funguo akaziweka nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, mzee," alisema akihema. "Mama wa ngome alishindwa, lakini funguo alibaki nazo."

Mzee alinitazama, akamtazama yeye, akatazama wazazi waliokuwa bado wanapiga makofi.

"Marahaba," akasema. "Basi baki nazo, mama."

Mjukuu akaja akanitia funguo mkononi. Jumamosi iliyofuata tulikuwa hapo tena, tunapandisha maboksi.