Maua ya Jeanne, Ndugu wa Shu

Mama mkubwa Clotilde alilima shu, ile kabichi ya kuchuma majani, nyuma ya nyumba yake katika cité, mtaa wa Waafrika wa Élisabethville. Kila mwaka tuta moja hakulichuma. Aliliacha lichanue njano tupu, na majirani wakamcheka kwamba anaharibu mboga huku wenzake wakila bukari kavu, ugali bila mboga. Waliocheka hawakuuliza. Mimi nilimuuliza mama yangu, mdogo wake, na alinieleza huku akifuta macho.

Mume wa Clotilde, Paulin, alikuwa mtunza bustani kwa Wazungu mjini. Siku moja alileta nyumbani pakiti ya mbegu iliyotupwa na Madame wake, akampa Jeanne, binti yao wa pekee. Pakiti ilikuwa imeloa na picha imefutika. Jeanne alizipanda kwenye makopo ya sardini, kisha akahamishia miche kwenye tuta. Ikatoa majani ya kijivu, laini kama nguo ya flaneli, na hakuna aliyejua ni mmea gani. Ua la kwanza lilipofunguka, la zambarau lenye harufu ya karafuu, Jeanne alilichuma, akaliweka kando ya ua la shu iliyozeeka, akahesabu majani ya rangi ya kila ua: manne kwa manne.

"Mama, ona! Hii iko na majani ine, sawa musalaba. Ya shu nayo iko ine. Iko ndugu ya shu!"

Paulin alicheka sana, lakini maganda membamba yalipotokea, marefu kama yale ya shu, alikubali kwamba mtoto amemshinda. Kwa Madame maua hayo yaliitwa giroflée. Kabla msimu wa baridi haujaisha, Jeanne alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walimzika mwezi wa nane, na maua yake ndiyo yaliyowekwa juu ya udongo.

Tangu hapo Clotilde alikausha maganda, akafunga mbegu kwenye kitambaa, na mvua zilipokaribia kwisha akazipanda zote. Kila mwezi wa nane alipeleka maua makaburini. Mtoto mwingine hakupata. Yale maua ndiyo kitu pekee alichobakiziwa na Jeanne ambacho bado kilikuwa hai.

Mwaka niliozaliwa mimi, mama yangu aliugua vibaya huko Jadotville. Clotilde alipanda mbegu zake, akaenda kumuuguza, bustani akamwachia mumewe.

Na Paulin aliitunza, jamani! Aliifanyia kama alivyozoea kwa Madame. Maua yale hutoka ya aina mbili katika tuta moja: mengine yana majani manne tu, mengine yamejaa na kusongamana. Kwa Madame, yale ya manne yaling'olewa mara tu yanapofunguka, maana Madame alipenda yaliyojaa, na mbegu mpya zilikuja kila mwaka kwa meli kutoka Ulaya. Katika kazi yake yote, Paulin hakuwahi kungoja ganda likauke.

Clotilde aliporudi alikuta tuta limefurika. Alipiga vigelegele.

"Mama Jeanne, nilitosha yote ya bure," Paulin alimwambia kwa furaha, akimwonyesha alikoyang'oa. "Nilibakisha ya muzuri tu."

"Ya bure njo gani, Baba Jeanne?"

"Ile ya majani ine."

Clotilde alikaa chini pale pale. Miaka yote alikuwa amevuna maganda kwa mikono yake, na alijua kwamba yale yaliyosongamana hayatoi ganda hata moja, wala mbegu.

"Nitaomba Madame pakiti ingine," Paulin alisema alipoelewa.

"Ya Madame iko ya Madame. Hii njo Jeanne alipandaka."

Paulin alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Mimi humkasirikia marehemu yule, kisha namfikiria akiamka alfajiri kumwagilia maua ya mtoto wake kabla ya kwenda kumwagilia ya Madame, na hasira inaniishia.

Mwezi wa nane uliofuata, Clotilde alikata maua ya shu, akayafunga kwa uzi. Paulin alimfuata nyuma na ndoo ya maji. Kaburini Clotilde alipiga magoti, akayapanga polepole juu ya udongo.

"Jeanne," alisema, "yako ilikwisha. Nakuletea ndugu yake."