Kifuani kwa Mgeni Wetu

Kila nikinusa mawese yakipashwa moto, namkumbuka mgeni aliyeishi chumba cha uani kwetu Ujiji. Alikuwa amevuka ziwa akikimbia vita, na mama akamkaribisha.

Mimba ya mama ilikuwa ya miezi saba tu alipojifungua. Mdogo wangu alitoka kama kifaranga, ngozi nyembamba, hana nguvu hata za kulia. Mama mwenyewe homa ilimlaza, hajitambui. Majirani waliingia na kutoka wakinong'ona.

Mgeni alinawa mikono, akampaka mtoto mawese ya uvuguvugu, akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akajifunga naye kitenge.

"Baridi ndiyo inayowamaliza hawa," alisema kwa lafudhi yake ya Kirundi.

Kisha akajikamua maziwa, akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Nilishangaa, maana hakuwa na mtoto.

"Wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nilimzika ng'ambo, mwanangu. Naye alikuja mapema. Tulikuwa tunalala mvuani, sikuwa na nguo kavu ya kumfunika."

Alikaa naye kifuani hivyo hivyo, akila, akilala, mpaka mama akapona na mtoto akaweza kunyonya mwenyewe. Mama alipompokea, alilia.

"Dada, wako alikuwa anaitwa nani?"

Mgeni akalitaja jina taratibu. Mama akampa mdogo wangu jina hilo. Ndilo ninalomwita mpaka leo, anaporudi na dagaa wake kutoka ziwani.