Ndala ya Kushoto ya Baba

Enzi zetu, sisi watoto wa Waswahili tuliokulia mtaa wa Abu Hamour kule Doha, wiki ilikuwa na siku moja tu ya maana, nayo ni Ijumaa. Siku sita zilizobaki zilikuwa za kuingojea. Asubuhi yake Doha nzima ilikuwa kimya, unasikia maji ya viyoyozi yakidondoka tone kwa tone kwenye ndoo nje ya madirisha. Mama zetu waliyatumia maji hayo kupigia deki, na ole wako uipige ndoo teke ukikimbilia mpira. Adhuhuri Waislamu walikwenda msikitini, na Wakenya na Waganda wa kanisani nao walisali siku hiyo hiyo, maana Jumapili kule ni siku ya kazi. Wote walitoka kwa Mungu pamoja, wamepiga pasi, wananukia. Ikifika alasiri walikuwa wamevua usafi huo wote na kuhamia kiwanja cha vumbi nyuma ya maghala, wakiitana majina ambayo Mama alipiga marufuku kurudi nayo nyumbani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa Ligi ya Ijumaa. Usiitafute kwenye kitabu chochote, hutaiona. Timu zilikuwa nne, na kila moja ilitokana na kazi za watu wake. Walinzi walikuwa warefu, na walikaba utadhani wanalinda benki. Mahoteli walitoka Al Sadd, weupe wa soksi, wanacheza kwa adabu na wanafungwa kwa adabu. Saiti ndio waliokuwa wageni, vijana waliokuwa wakijenga mji mpya wa Lusail wakati ule Lusail yenyewe ni mchanga na winchi. Halafu kulikuwa na timu yetu, Madereva, na golikipa na kapteni wake alikuwa Baba.

Baba aliendesha basi la shule. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na nilipanda basi hilo hilo kwenda shule, nimekaa kiti cha nyuma yake kama mke wa waziri. Ijumaa basi lililala, kwa hiyo Baba alikuwa huru. Wenzake hawakuwa na bahati hiyo. Wao waliendesha magari ya majumbani, na dereva wa nyumbani hana Ijumaa. Mama wa nyumba akitaka kwenda sokoni, amekwenda. Mtoto wa bosi akitaka aiskrimu, gari liwashwe. Simu zao zote zilirundikwa kwenye kofia ya Baba kando ya goli, na mechi ikikolea utasikia kofia inaimba. Mchezaji anasimama, anaisikiliza kama ni ya kwake, kisha anatoka mbio na njumu zake mpaka garini. Shabani, mshambuliaji wetu, aliwahi kuacha mpira miguuni, amebaki na golikipa tu, akakimbilia kofia na kupokea simu akisema "hadhir, madam, hadhir," yaani ndiyo, naja, na ndiyo kumwona mpaka Ijumaa iliyofuata. Tulianza mechi watu kumi na mmoja na kumaliza saba. Baba hakuwahi kutoka. Alibaki golini akipiga kelele mpaka sauti inakwisha, na Jumapili alikuwa anawaamuru watoto wa shule kwa mluzi.

Watoto wa siku hizi wakishangilia timu wanakaa kwenye kochi, simu mkononi, viazi vya kukaanga kifuani. Sisi tulikaa juani. Mchanga uliingia machoni na katika maandazi, na maandazi tuliyala hivyo hivyo. Timu ikicheza ovyo tulicheza rede pembeni kwa mpira wa mifuko ya plastiki, na ikifunga tulikimbilia kwenye duka la karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, kununuliwa kikombe kimoja cha karatasi tunywe wanne. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya kufonza, na aliyezidisha tulimjua.

Kombe halikuwepo. Kilichokuwepo ni hukumu. Msimu ukiisha, mashabiki na wachezaji wote walikusanyika uani kwetu, maana nyumba tuliyopanga na familia nyingine ilikuwa na ua mpana, wenye mikeka ya kutosha. Pale watu walibishana, na kabla ya kula wakaamua mambo mawili. Timu gani imetushangaza? Na timu gani imetuvunja moyo?

Kura ilipigwa kwa ndala. Mkekani hakuna aliyekaa na viatu, kwa hiyo kila mtu alikuwa nazo mbili zimekaa bure. Ya kulia uliiweka kwenye kadi ya timu iliyokushangaza, na ya kushoto kwenye kadi ya timu iliyokuvunja moyo. Kadi zilikuwa vipande vya maboksi ya ndizi, Mama aliziandika kwa mkaa. Waliotoka kanisani na viatu vya ngozi waliweka viatu vya ngozi. Vijana wa Saiti walikuja na mabuti yao ya kazini, nayo kwenye kila kadi yaliwekwa ukingoni kabisa, upande ambao upepo hautoki. Ndala za watoto hazikuhesabiwa. Mama alisema mtoto hana hukumu, ana hamu tu.

Timu iliyoshangaza ilipakuliwa kwanza. Iliyovunja moyo iliosha masufuria. Hilo lilikuwa la kuchekesha, na hata Mahoteli waliwahi kuyaosha yakang'aa mpaka wake za watu wakaona aibu. Lakini timu ikivunja moyo misimu miwili mfululizo, jezi yake ilikunjwa. Timu imekwisha, wachezaji wake wanagawanywa kwa wengine, na nafasi inapewa timu mpya. Kiwanja kilikuwa kimoja, na kati ya alasiri na magharibi hapana muda wa kuwapa waliochoka.

Madereva walikuwa wameshaosha masufuria msimu uliopita.

Basi msimu huo ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, na roho yangu ilikuwa mkononi. Walitufunga Walinzi, wakatufunga Mahoteli. Saiti ambao hawakuwa hata na jezi, wanacheza na fulana za kazini, walitufunga mara mbili. Saiti walimfunga kila mtu. Nahodha wao, Mganda mmoja mpole aitwaye Musoke, alikuwa akimaliza kufunga goli anakwenda kumpa pole golikipa. Mimi nilimchukia kwa hilo hasa. Tumaini langu lilikuwa Mahoteli, kwa sababu hao walianza msimu kwa majigambo makubwa na kuumaliza kwa visingizio. Nilimwuliza Baba usiku na mchana, "Kati yetu na Mahoteli, nani kavunja moyo zaidi?" Naye alinijibu neno moja lile lile: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nikaona hilo si jibu.

Siku ya hukumu, mwenyekiti alikuwa Anko Wafula, mlinzi Mkenya, mnene wa sauti. Aliwatuliza watu kwa kugonga mfuniko wa sufuria.

"Wasee, tulieni! Kila mtu ataongea. Lakini hii maneno ya kusema eti refa alikuwa amekula na Walinzi, hiyo sitaki kuskia, juu refa alikuwa mimi."

Watu walicheka, wakabishana, wakacheka tena. Kuhusu maajabu hapakuwa na ubishi. Ndala za kulia zilijaa kwa Saiti mpaka kadi haionekani. Za kushoto ndizo zilizogawanyika, nusu kwa Mahoteli, nusu kwetu. Nilijaribu kuzihesabu nikashindwa, watu walikuwa wanapishana. Kabla Anko Wafula hajahesabu, adhana ya magharibi ikaita. Sheria ilikuwa kwamba ndala hazihesabiwi mpaka watu wamalize kusali. Waislamu wakaingia sebuleni, wengine wakaenda kusaidia kutoa masufuria ya pilau jikoni. Mimi nilitakiwa niwe nyuma ya Mama kwenye safu. Nikachelewa makusudi.

Nilipita kwenye kadi yetu nikainama. Pale, katikati ya ndala zilizotuhukumu, niliiona ndala ya kushoto ya Baba. Sikuweza kuikosea. Ilikuwa ya buluu, kamba yake aliishona mwenyewe kwa uzi wa kushonea viti vya basi.

Sikukasirika. Nilimwonea huruma. Nilijua Baba amekosea. Mtu amechoka, ameamka alfajiri, ameona kadi imeandikwa Madereva akaweka ndala yake kwenye timu yake, akasahau kwamba kushoto ni kwa ubaya. Kapteni hawezi kuitupia jiwe timu yake, hilo hata mtoto anajua. Nikaichukua, nikaivusha hatua tatu, nikaiweka kwa Mahoteli. Kisha nikaenda kusali, tena kwa unyenyekevu ambao sikumbuki kuurudia.

Anko Wafula alihesabu kwa sauti, akahesabu tena. Mahoteli walizidi kwa ndala moja. Madereva waliruka, Shabani akambeba mtu begani, na Mahoteli wakaanza kukunja mikono ya mashati wakiyatazama masufuria. Nilimtazama Baba nikingoja aruke. Yeye alikuwa amevaa ndala moja, anaitafuta ya pili kwenye kadi yetu. Hakuiona. Akasogea, akatazama kadi ya pili, akasimama.

Alikuwa anaweza kuivaa tu. Hakuna aliyekuwa anamwangalia ila mimi.

"Mwenyekiti," akasema, "ndala yangu imehama."

"Imehama aje, Mzee? Slipa yako ina miguu?" Watu wakacheka.

"Niliiweka kwa Madereva. Kwa mkono wangu."

Kicheko kikakatika. Shabani alimshusha yule aliyembeba, akamsogelea Baba akimnong'oneza, lakini Shabani hajui kunong'ona. "Kapteni, vaa ndala yako, bwana. Yameshakwisha."

"Shabani," Baba akamjibu, "umecheza dakika ngapi msimu huu?"

Shabani akainama. Baba hakumwambia kwa ubaya, alimshika bega. Kisha akaibeba ndala yake na kuirudisha ilipokuwa. Ndala moja ikitoka huku na kwenda kule inageuza kila kitu. Sasa sisi ndio tuliozidi, msimu wa pili mfululizo.

Hapo nikapasuka kulia. Nikasema ni mimi, nilimwona Baba kakosea nikamsahihishia. Ua mzima ukacheka mpaka watu wakashika mbavu, hata wale Madereva waliokuwa wamekwisha kufa moyo. Mama alinivuta kanga ikanifunika uso, nikasikia tumbo lake nalo linatikisika. Baba peke yake hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu akasema, "Hukufanya kwa ubaya. Lakini ndala ya mtu haisogezwi." Akanifuta pua kwa pindo la jezi yake ya kijani, kisha akaivua hiyo hiyo jezi. Desturi ilikuwa kapteni akunje mwenyewe. Aliikunja taratibu, mikono ndani, namba juu, akamkabidhi Anko Wafula. Usiku ule, baada ya kula, Madereva waliosha masufuria wakiimba, na Mahoteli, kwa adabu yao, wakawasaidia.

Lakini kabla ya kula wachezaji waligawanywa, na walioshangaza ndio waliochagua kwanza. Mimi nilikuwa bado nyuma ya kanga. Baba alikuwa na miaka arobaini na ushei, magoti yanalia akiinama, na nilijua atabaki wa mwisho kama wale watoto wasiochaguliwa kwenye rede. Musoke alisimama na mabuti yake.

"Sisi tunataka mzee," akasema.

"Mzee gani? Kuna vijana hapa," mtu akamwuliza.

"Huyo wa slipa. Vijana tuko nao wengi. Mtu wa kutuambia ukweli hatuna."

Baba aliwadakia Saiti misimu mitatu zaidi. Alifungwa sana, akasema ukweli sana, na Ijumaa zangu zikarudi kuwa Ijumaa. Musoke nilimsamehe kabla pilau halijapoa.

Leo pale kwenye kiwanja cha vumbi pamejengwa maduka, na Lusail ambayo tuliicheka kuwa ni mchanga ina barabara pana na minara ya vioo. Mimi ninafanya kazi huko huko, katika jengo ambalo pengine Musoke alibeba mifuko yake ya saruji. Vijana ninaofanya nao kazi nao wana ligi yao, jezi zimechapwa majina, na kiwanja kina taa. Msimu ukiisha wanahukumu timu kwenye simu, ndani ya dakika mbili wameshamaliza. Anayetukana amejiita jina la simba, anayesifu amejiita jina la chui, na kesho yake hakuna anayejua nani alisema nini. Wanacheza vizuri kuliko sisi, nakiri. Ila sijawahi kumwona hata mmoja akirudi kuchungulia kura yake kama bado ipo alipoiweka.

Baba amerudi Tanga, analima mihogo na kuwasumbua makocha wa mtaani. Juzi tulipoongea kwa simu nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kumwuliza miaka yote hii. Kwa nini hakuiweka ndala yake kwa Mahoteli, na timu ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyeipenda kuliko wote?

Alicheka, nikasikia jirani zake nao wanacheka bila kujua kinachochekwa.

"Zuhura, mwanangu," akasema, "si ningeivaa na uongo wake kurudi nayo nyumbani?"