Mtani wa Marehemu Kwenye Picha ya Kareti

Pale kijijini kwetu Mbwera, banda la video lilikuwa la mjomba wangu, na picha tuliyoijua kuliko zote ilikuwa ya kareti, ya zamani, ya mwalimu mmoja anayechechemea na wanafunzi wake. Ilikuwa Kichina kitupu. Mjomba alikaa kando ya televisheni na maiki yake, akitufasiria kila neno. Alisema Kichina alikiokota kwa Wachina waliojenga barabara, enzi zile akiwapikia. Nani angebisha? Mimi nilichukua mateke ya steringi, shujaa wa picha, nikayafanyia mazoezi kwenye tope la mikoko, na kandambili zangu kadhaa zimebaki humo mpaka leo.

Kipande kitamu kuliko vyote kilikuwa cha msibani. Mwalimu amekufa, wanafunzi wanalia, mara anaingia mtu mwenye sharubu. Anavaa joho la marehemu, anachechemea kama yeye, anacheka mpaka anajishika mbavu. Sasa niambieni, kwetu nani huenda msibani akavaa nguo za maiti na kuigiza alivyokuwa akitembea? Mtani, hakuna mwingine. Kwa hiyo mjomba alitangaza: "Huyu ni mtani wa marehemu, ametoka mbali!" Banda zima makofi na vigelegele. Kuanzia hapo ngumi zote zilikuwa utani uliozidi kidogo, na mwisho Sharubu alipoanguka, mjomba alisema amezimia tu, anakwenda kunyweshwa uji.

Tulimpenda Sharubu kuliko steringi. Mkata mikoko mmoja, shabiki wa benchi la nyuma, aliandika MTANI ubavuni mwa mtumbwi wake kwa heshima yake.

Nilipohamia Kibiti, kwenye kibanda cha kuchaji simu ninapofanya kazi, nikasikia picha ile imetengenezwa upya. Waigizaji wapya, rangi zinang'aa, tena jamaa wa Dar ameitia Kiswahili. Niliiweka kwenye flashi bila kuiangalia, nilitaka tuione wote. Sikukuu ya Idd nikapanda boti ya Mbwera pale Nyamisati huku natabasamu peke yangu. Watu wa banda la mjomba walikuwa wamepungua siku hizo, kila mtu na simu yake, nami nilijiona nampelekea dawa.

"Ina Kiswahili ndani, mjomba. Leo unapumzika."

"Kiswahili cha nani?" akauliza taratibu.

"Cha Dar."

"Haya," akasema, akaizungushia maiki waya wake na kuiweka juu ya televisheni.

Mchana, baada ya kula, banda lilijaa. Mama muuza vitumbua alikaa benchi la mbele kama kawaida yake, na maoni yakaanza kabla majina hayajaisha kupita.

"Steringi gani huyu? Hata kasia hanyanyui!"

"Yule wa zamani alikuwa na shingo, bwana."

"Mwalimu naye mwongo. Mara kachechemea mguu wa kushoto, mara wa kulia!"

Ikafika msibani. Sharubu mpya akaingia na kulivaa joho. Vigelegele vikapaa kabla hajafungua mdomo. Kisha sauti ya Dar ikasema, wazi kabisa: "Mwalimu wenu nilimtilia sumu mimi, na leo nimekuja kumcheka."

Vigelegele vikakatika.

"Kasema nini huyo?" mama wa vitumbua akauliza.

Mkata mikoko alikuwa ameshasimama. "Simamisha! Mtani gani anatia sumu? Wameiharibu picha hawa!"

"Huyo wa Dar hajui Kichina!" mwingine akadakia.

Mama akamgeukia mjomba. "Kaka, mwenye kujua ni wewe. Tuambie, huyu ni mtani au si mtani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimebeba nini kwenye ile flashi. Mjomba shambani hana sifa, kwenye boti anatapika. Alichokuwa nacho Mbwera nzima ni kujua Kichina. Angesema tu Dar wamekosea, sote tungeitikia. Niliomba moyoni aseme hivyo.

Aliniangalia mimi, akayaangalia mabenchi.

"Ni muuaji," akasema. "Hata yule wa zamani, nadhani. Mimi Kichina sikijui, jamani. Wale Wachina walikuwa wakinionyesha chakula kwa kidole."

Mkata mikoko akarudi kuketi.

"Yaani mimi," mkata mikoko akasema polepole, "napita kijiji cha Mbuchi kizima watu wananipungia, kumbe mtumbwi una jina la muuaji?"

"Na sura mmefanana!" mtu akamrushia, na kicheko kikalipuka.

Mama wa vitumbua hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa mjomba. "Na ule uji?"

"Niliutunga, dada. Sikupenda afe. Kulikuwa na watoto humu."

Mama akajifunga kanga upya. "Basi mzimeni huyo wa Dar. Kichina anakijua, lakini misiba hajaizoea. Kaka, rudisha nyuma, utuambie wewe."

Nikaizima sauti, nikarudisha nyuma. Mjomba akashika maiki, akaifungua waya wake. Sharubu mpya akaingia, akavaa joho, na mjomba akakohoa kidogo.

"Watani tumefika, jamani! Wali wa msiba upo, au mmeshaumaliza?"

"Tumeumaliza!" banda zima likamjibu, na mama wa vitumbua akaongeza kwamba hata ukoko hapati.