Nililaumu Ng'ombe wa Mzee Guyo

Naona haya kulisimulia hili, lakini hapa Garsen wengi wameshalisikia.

Mimi ni fundi wa mtandao. Tulipounganisha kituo chetu cha afya na hospitali moja ya Hola kwa waya wa faiba, picha za eksirei zilikwenda kwa kusuasua, na wagonjwa wakawa wanaumia benchini wakingoja neno la daktari wa huko. Nikaona nyayo za ng'ombe mahali tulipoufukia waya. Sikupima chochote. Nilikwenda moja kwa moja kwa chifu kumshtaki Mzee Guyo, mfugaji wa Kiorma.

"Ng'ombe wako wameuponda waya," nikamwambia mbele ya baraza la chifu. "Watafutie njia nyingine ya mtoni."

"Mwanangu, njia nyingine ni mbali, na ndama wangu ni wachanga," akajibu kwa upole. "Lakini kama wagonjwa wanaumia, nitawahamisha."

Simu ikalia. Alikuwa Zainabu, fundi mwenzangu wa Hola. Nikaiweka kwa spika, watu wasikie ushahidi.

"Komora, waya ni mzima, nimeupima," akasema. "Shida ni swichi yako ya mtandao. Hukuongeza bafa, ile nafasi ya kushikilia data mpaka jibu lirudi kutoka huku. Umeiacha kama ya waya mfupi wa chumba kimoja! Inatuma kidogo, halafu inasimama kungoja."

Mzee Guyo, aliyekuwa ameshainuka kwenda kuwahamisha ng'ombe wake, akageuka.

"Sasa niende, mwanangu," akaniuliza bila kejeli yoyote, "au nisiende?"